Kabla hujatia samaki: kwa wanaoanza bustani za majini hapa Tanga

Juzi nimeonyeshwa picha nyingine kwenye simu. Tangi zuri, kioo kinang'aa, taa kali, na katikati kilima cha mawe meupe yenye matundu, yameokotwa ufukweni Raskazone. Chini ya kilima kuna majani laini yaliyopandwa kwa uangalifu mkubwa, na samaki tayari wamo. Kijana anauliza kwa nini majani yanageuka manjano na samaki wanahemea juu. Swali hilo nimeulizwa na wengi, na karibu kila mara kilima ni kilekile. Nyie ni wadogo zangu, na inaniuma kuona mtu anauza taa na filta yake, anaacha kabisa, kwa jambo ambalo siki ya jikoni ingemwonyesha mapema.

Najua mnajifunza kwa video, na mpangilio mzuri kweli mnaupata huko. Takashi Amano wa Japani (1954–2015), aliyeifanya kazi hii ijulikane duniani, bado ana la kumfundisha yeyote anayetaka kupanga mawe ya iwagumi, yaani mtindo wa Kijapani wa bustani ya majini inayojengwa kwa mawe. Mchukulieni jicho lake. Ila maji yenu, mawe yenu na joto lenu ni vya Tanga, na hayo inabidi muyajue wenyewe.

1. Pima jiwe kabla hujalipenda. Jiwe la matumbawe ni chokaa. Likikaa majini linayeyuka kidogo kidogo, ugumu wa maji (wingi wa madini yaliyoyeyuka humo) unapanda, pH (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu ukipungua) inapanda nao, na madini ya chuma yaliyomo kwenye mbolea hayafyonzwi tena vizuri. Jani jipya linatoka la manjano, mishipa tu ndiyo inabaki kijani. Mtu akiliona anaongeza mbolea, na anachovuna ni mwani. Likwangue jiwe kwa msumari, dondoshea siki pale palipokwanguka, kisha sogeza jicho karibu. Ukiona vipovu, hata vidogo vya kuhesabika, jiwe hilo kaa nalo uani. Usipoviona, bado liloweke kwenye ndoo wiki nzima na upime ugumu wa maji kabla na baada, maana siki ni asidi dhaifu na zipo chokaa zisizoijibu haraka.

Wala msiniambie jiwe mmelitoa mtoni na kwa hiyo ni salama. Mto Sigi unatoka Usambara Mashariki, ambako miamba ni migumu na haina shida, lakini huku chini karibu na Amboni unapita kwenye chokaa ileile iliyochimbika mapango. Kila jiwe lipimwe. Mchanga wa bahari nao una vipande vya makombe, acheni. Na matumbawe yenyewe yana kazi yake baharini; pwani hii ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, si duka la mapambo.

2. Samaki ni wa mwisho. Mzunguko mnaujua: uchafu unatoa amonia ambayo ni sumu, bakteria wanaigeuza nitriti, nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo kali. Bakteria hao kukua ni wiki 4 hadi 6, pengine zaidi. Mnaweza kuutaja usingizini, na bado mnatia samaki siku ya tatu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi jambo hili lilinifanya nimkosee mtu.

Tangi langu la kwanza kubwa nililipanga kwa mawe ya bahari na kulimaliza wiki ya Idi. Nyumba imepakwa rangi, wageni wanakuja, nami nataka wakute samaki. Nikanunua kundi zima sokoni, nikawatia siku hiyohiyo. Asubuhi wa kwanza alikuwa amenasa kwenye filta, mdomo wazi. Waliobaki walikuwa juu kabisa, midomo imegusa uso wa maji, wanapumua harakaharaka, na ukiinama ukatazama vizuri unaona matamvua yamekuwa mekundu kama yameungua. Maji sikuyafikiria hata kidogo. Yalikuwa meupe, yanapitisha macho mpaka ukuta wa pili, basi nikaona ni mazima. Nilichukua wafu kwenye bakuli nikaenda nao kwa muuzaji, na mbele ya wateja wake nikamwambia anauza samaki wagonjwa. Alikuwa mtu mzima kunipita mbali. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Maji umeyapima, mwanangu?" Nikamjibu jibu ambalo mtu hamjibu mzee. Akanipa samaki wengine bila kunidai kitu. Nao nikawapeleka kwenye maji yaleyale, wakafa vilevile.

Nilielewa baadaye sana, nilipopata vipimo. pH ilikuwa imepita 8, na amonia ilikuwepo ya kutosha. Sikilizeni hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayowaua samaki wa pwani. Amonia majini ina sura mbili, moja ni ya sumu kali na nyingine samaki anaivumilia kwa kiasi. Maji ya nyuzi 30 yenye pH 7, sehemu isiyofika 1 katika 100 ndiyo iliyo katika ile sura ya sumu. pH ikifika 8 katika joto hilohilo, zinakuwa kama 7 katika 100. Amonia ni ileile, ila jiwe na joto vimeinoa. Mtu wa nchi ya baridi mwenye maji laini anaweza kukosea kama mlivyokosea nyie na samaki wake wakapona. Hapa hapana.

Nilirudi kwa yule mzee kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti. Lakini wateja waliosikia maneno yangu siku ile walikuwa wameshatawanyika, na sikuwa na namna ya kuwakusanya niwaambie kwamba samaki wake walikuwa wazima.

Basi pandeni kwanza, tena pandeni kwa wingi. Omba sponji chafu ya filta kwa mwenzako mwenye tangi lililokomaa, utie kwenye yako. Tupia punje za chakula kila siku ili bakteria wapate amonia. Amonia na nitriti zikisoma sifuri mfululizo, tia samaki wachache.

3. Taa ni saa 6 hadi 8 kwa siku, kwa taima, na tangi lisikae dirishani.

4. Joto. Hita msinunue. Kinachokosekana hapa ni oksijeni: maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu. Usiku mimea nayo inavuta oksijeni, kwa hiyo gesi ya kaboni mnayoipulizia mimea ifungwe taa inapozimwa, na pampu ya hewa iwashwe. Januari hadi Machi fungueni kifuniko, elekezeni feni kwenye uso wa maji, mjazie yanayopungua. Kuweni na pampu ya betri. Umeme ukikatika kutwa nzima, usiwashe filta ya nje ukawarudishia samaki maji yaliyooza humo ndani. Imwage kwanza, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

5. Maji ya bomba hapa mjini asili yake ni bwawa la Mabayani. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima yakipigwa hewa, klorini itoke. Ya kisima cha pwani mara nyingi yameshapita kwenye chokaa, yapime. Ukikuta ni magumu, usipigane nayo kwa chupa za dawa kila wiki. Panda valisneria, mmea wa majani marefu kama utepe, ambao unaweza kutumia hata bikaboneti, yaani kaboni iliyoyeyuka kwenye maji magumu, na utapata msitu.

6. Anubiasi ni mmea wa Afrika Magharibi na Kati, ni ngumu kufa, na nyie mnaiua kwa kuizika. Lile shina nene linalotambaa likae juu, lifungwe kwenye mti kwa uzi. Mti wenyewe msikate mkoko. Tawi kavu la mpera, limenywe gamba, lichemshwe, lilowekwe mpaka lizame lenyewe. Rangi ya chai itakayotoka haina madhara.

7. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 lina zaidi ya kilo 180 za maji peke yake. Meza ya televisheni haikutengenezwa kwa mzigo huo. Na perege msimtie kwenye bustani, ataila mimea.

8. Hili nawaomba mlisome mara mbili. Nawaona mnaingia mabwawani peku kutafuta yungiyungi na majani mengine. Pwani yetu ina kichocho cha mkojo, na konokono wanaokibeba, wa jamii ya Bulinus, wanakaa kwenye majani hayohayo. Vaa buti na glavu ndefu. Geuza kila jani: ukiona kitonge cha ute chenye vidoa ndani, hayo ni mayai ya konokono, kata jani lote utupe mbali na maji. Konokono watoe kwa koleo na uwaponde, kwa sababu aliyeambukizwa huendelea kutoa vijidudu. Baada ya hapo majani yakae kwenye ndoo ya maji safi siku 3 bila kuguswa. Vijidudu vilivyokwisha kutoka havimalizi siku 2 bila kumpata mtu. Ndipo uyasuuze jani kwa jani.

Mimea ya kununua ikikuzidi usiimwage Sigi wala mtaroni. Ianike juani mpaka ivunjike mkononi, kisha ichimbie chini ya mgomba.