Titi la kompyuta haliumwi

*Nasikia Wamarekani wamepima wanawake 2,986 ambao hawapo duniani. Huo si utapeli? (Msomaji, Igoma)*

Si utapeli. Ni jaribio la VICTRE, la mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, lililochapishwa mwaka 2018. Kompyuta huumba titi zima: ngozi, mafuta, tezi, mirija ya maziwa, mishipa ya damu. Hulibana kama mashine inavyobana, hulipiga eksirei ya hesabu tupu, kisha programu husoma picha. Mengine yamepandikizwa uvimbe au chembe za chokaa, kwa hiyo jibu linajulikana kabla ya mtihani. Kwa mama halisi, jibu hilo mara nyingi hutoka kwa kukatwa kipande kidogo cha nyama ya titi kikapimwe. Walishindanisha mamografia (eksirei ya matiti) ya kawaida na ile ya tabaka kwa tabaka. Ya tabaka ikashinda, hasa kwenye uvimbe.

*Hao wa kompyuta wana matiti kama yetu? (Ilemela)*

Hili ndilo swali! Walifanywa makundi manne, kuanzia titi la mafuta matupu hadi lililojaa tezi, kwa uwiano wa Marekani. Tezi pichani ni nyeupe, uvimbe nao mweupe: umtafute yangeyange mmoja kwenye kundi la yangeyange. Wenye umri mdogo ndio wenye tezi nyingi. Muuzaji wa mashine akija Mwanza na majibu ya kompyuta, aulizwe uwiano huo ni wa akina mama wa wapi.

*Kuna dawa ya kienyeji ya kuyeyusha uvimbe? (Sengerema)*

Mnaniuliza hili kila mara. Hakuna. Nenda hospitali wiki hii.

*Mashine mpya si huwa imeshajaribiwa kiwandani? (Kirumba)*

Na gari jipya halimwagiwi oili? Kuna kipande cha plastiki cha kupimia mashine, chenye nta ndani, kimefichwa nyuzi 6, vikundi 5 vya chembe na vivimbe 5. Kinapigwa picha, mtaalamu anahesabu anavyoviona. Akiona pungufu ya nyuzi 4, vikundi 3 na vivimbe 3, mashine imefeli. Sisi tunapenda kukata utepe. Siku ya uzinduzi, ulizeni kipande hicho kiko kabati gani na nani anakitumia.

*Mimi mwanamume, yananihusu nini? (Ukerewe)*

Wanaume nao hupata saratani ya matiti, ingawa kwa nadra. Na mkeo akikuambia amegusa kitu kigumu, usimwambie asubiri giza la dagaa lipite ndipo upate nauli. Kopa.