Wembe wangu siunoi, naufuta

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Je, wembe wa kutupa unaweza kunolewa ukatumika tena, au huo ni ubahili?" Swali hili limenigusa. Marehemu baba alikuwa kinyozi Tanga, kiti chake kikiwa chini ya mkungu, na mimi nimekua nikiokota nywele na kuhesabu nyembe.

Nyumbani palikuwa na bilauri ya kioo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuinywea maji. Ilikuwa ya wembe wa baba mwenyewe, ule mwembamba wa makali mawili aliojinyolea. Jioni aliulaza ndani ya bilauri, ukajikunja kidogo kufuata mviringo wa kioo, akaukandamiza kwa vidole viwili na kuusugua kwenda na kurudi. Akaugeuza, upande wa pili vilevile. Nilikuwa naisikia ile sauti nikiwa kitandani: mwanzoni inakwaruza, mwishoni inateleza kimya. Hapo ndipo baba alipojua makali yamekaa sawa.

Wala hakuwa peke yake. King Camp Gillette alipopata hataza ya wembe wake kule Marekani mwaka 1904, nia yake ilikuwa wembe ukiisha makali utupwe, ununue mwingine. Watu hawakukubali upesi hivyo. Kwa miaka mingi viliuzwa vifaa vya kunolea nyembe hizohizo za kutupwa, na wasio na pesa ya kifaa walitumia bilauri. Nyembe za wakati huo zilikuwa za chuma cha kaboni: zilishika kutu upesi, lakini zilinoleka.

Wembe wa leo, huu wenye mpini wa plastiki tunaonunua dukani kwa Mangi, ni kitu kingine. Chuma chake kimechanganywa na kromiamu ili kisishike kutu haraka, na juu ya makali kwa kawaida hupakwa utando mwembamba sana, wa jamii ya ule wa vikaango visivyogandisha chakula. Utando huo ndio unaoufanya wembe uteleze shavuni. Ukiusugua kwenye kioo au kinoo, utando unabanduka. Tena nyembe zenyewe ni mbili au tatu zilizobanana ndani ya plastiki, kinoo utakipitisha wapi? Kwa hiyo kuunoa hasa, kama unavyonoa kisu, hapana. Nilishajaribu ujanani, nikatoka na shavu linalowaka wiki nzima.

Ila kuufanya udumu, inawezekana kabisa, na ukishajua kinachouchosha kazi ni rahisi. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha utafiti wao katika jarida la Science. Mmoja wao alikuwa akinyoa ndevu zake mwenyewe kwa wembe wa kutupa, kisha kila akimaliza anayapiga picha makali kwa hadubini ya elektroni. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa kama mara 50, lakini ukipindwa kwa pembe fulani, pale chuma kilipo na udhaifu, unaweza kuyamegua makali. Yaani hayaliki polepole kama soli ya kiatu, yanamegeka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Kilichomeguka hakirudi, usidanganywe na mtu.

Ndiyo maana mimi hunyoa baada ya kuoga maji ya moto, ndevu zikiwa zimelowa vizuri. Unywele uliolowa ni laini, unakatika bila ubishi. Nikimaliza nausuuza wembe, naukung'uta, kisha nachukua mguu wa jinzi kuukuu niliouning'iniza nyuma ya mlango. Nautandaza pajani na kuupitisha wembe juu yake mara 15 hivi, kinyume na ninavyonyoa, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukienda upande wa kunyolea utaichana jinzi na kuuharibu wembe papo hapo. Usikandamize. Kitambaa kinatoa sabuni, mafuta ya ngozi na unyevu uliojificha kati ya zile nyembe. Sisi wa pwani, hewa yetu yenyewe ina chumvi; wembe ukiachwa bafuni umelowa, asubuhi si wembe tena. Wangu unalala chumbani, mkavu.

Kwa utaratibu huu wembe uliokuwa ukinifikisha wiki moja sasa unanifikisha karibu mwezi, nikinyoa mara tatu kwa wiki. Ukianza kuvuta nywele badala ya kukata, hapo nauacha. Kuung'ang'ania ni kujiletea vipele vya ndevu, hasa sisi wenye nywele za kujiviringa.

Hayo yote ni kwa wembe wa mtu mmoja. Hapa nawaomba wasomaji mnisikilize: usimwazime ndugu yako, usimwazime mkeo, usikubali saluni wakutolee uliokwisha kutumika eti umefutwa kwa spiriti. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na damu ya kukitosha haionekani kwa macho. Baba kazini alikuwa anafungua wembe mpya mteja akiwa anatazama, akimwonyesha karatasi yake kwanza. Bilauri haikuwahi kutoka nyumbani.

Nyembe zangu zilizochoka huingia kwenye kopo la maziwa ya unga nililolitoboa tundu kwenye kifuniko. Silitupi mpaka lijae na nimelifunga kwa gundi ya karatasi pande zote, maana vijana wanaookota chupa mtaani kwetu wanapekua mifuko kwa mikono mitupu.