Swali la umri: kwa nini tunapata hasi 3?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Mpwapwa, namsaidia binti yangu wa darasa la saba. Swali lao linasema hivi: uwiano wa umri wa baba na mtoto ni 5:1, baada ya miaka 6 uwiano utakuwa 3:1, tafuta umri wa kila mmoja sasa. Tumeandika 5x + 6 = 3x, tukapata x = −3. Tumerudia, jibu ni lile lile. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mzazi mwenzangu. Namna mlivyoitafuta x ni sahihi kabisa. Kosa liko kwenye mlinganyo wenyewe, ndiyo maana kurudia hakukuwasaidia. Upande wa kushoto mmemwongezea baba miaka 6, lakini upande wa kulia mtoto mmemwacha na umri wake wa leo. Miaka 6 ikipita kwa baba, imepita na kwa mtoto.

Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, mwambie binti achore jedwali dogo. Mstari wa kwanza, sasa: baba 5x, mtoto x. Mstari wa pili, baada ya miaka 6: baba 5x + 6, mtoto x + 6. Uwiano wa 3:1 unahusu mstari wa pili tu, kwa hiyo:

5x + 6 = 3(x + 6)
5x + 6 = 3x + 18
2x = 12
x = 6

Mtoto ana miaka 6, baba 30. Hakiki: baada ya miaka 6 watakuwa na 12 na 36, yaani 3:1. Mabano yale ndiyo roho ya swali. Wanafunzi wengi huandika 3x + 6, wakasahau kwamba 3 inazidisha na ile 6 pia.

Iko njia nyingine ambayo mimi ningependa kila mtoto aijue, kwa sababu inaonyesha kinachotokea hasa. Uwiano wa umri hubadilika kila mwaka, ila tofauti ya umri haibadiliki kamwe. Chukua mfano wa hapa kwetu Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulitolewa mwaka 1973, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007. Tofauti ni miaka 34, leo na milele. Lakini mwaka 2009 umri wa uamuzi na wa chuo ulikuwa 36 kwa 2, sawa na 18:1. Mwaka 2024 ukawa 51 kwa 17, yaani 3:1. Mwaka 2041 utakuwa 68 kwa 34, yaani 2:1.

Sasa rudi kwa baba na mtoto. Katika 5:1 tofauti ni sehemu 4. Katika 3:1 ni sehemu 2. Kwa kuwa tofauti halisi ni ile ile, zifanye zilingane: 3:1 iandike 6:2. Baba ametoka sehemu 5 hadi 6, mtoto kutoka 1 hadi 2. Kila mmoja ameongeza sehemu moja, na sehemu hiyo ndiyo miaka 6. Basi baba ni 5 × 6 = 30. Hakuna hata x.

Kuhusu ile hasi: umri ukitoka hasi, rudini kwenye jedwali moja kwa moja. Lakini kama kinachotafutwa ni muda, msiifute haraka. Tuseme baba ana miaka 45 na mtoto 17, swali likauliza baada ya miaka mingapi baba atakuwa na umri mara tatu ya mtoto. 45 + t = 3(17 + t) inatoa t = −3. Hiyo ina maana nzuri tu: jambo hilo lilishatokea miaka 3 iliyopita, baba akiwa na 42 na mtoto 14.

Mpe binti hili alifanye kwa njia zote mbili: umri wa mama na mwanawe ni 7:2, baada ya miaka 10 utakuwa 9:4. Akipata mama 35 na mwana 10, ameelewa.