Usinunue shokapu kwanza

Kaka, umesema Toyota IST yako inagonga "ko-ko-ko" mbele kushoto ukipita njia za ndani za Fuoni, huku Unguja, ukigusa breki inanyamaza, na fundi anataka ubadilishe shokapu zote mbili. Ngoja kwanza.

Hapo panaponyamaza ndipo pa kuanzia. Ukikanyaga breki, pedi hubanwa kwenye diski, basi kama ilikuwa inacheza, inatulia. Kwa hiyo mimi namshuku pedi au kalipa (kile chuma kinachozibana pedi) kabla ya shokapu.

Rudi njia ileile polepole, vioo umeshusha, uguse breki kidogo tu. Ikinyamaza kila mara, nyanyua gari, uliweke juu ya stendi (jeki peke yake usiiamini), vua tairi, kisha shika kalipa uitikise. Kagua bolti zake na pini zake, zile kalipa inazoteleza juu yake. Halafu tazama vile vibati vidogo vinavyoshikilia pedi. Mafundi wengine wakibadilisha pedi huvitupa, na visipotupwa, hewa yetu ya chumvi huvila. Pini zikiwa kavu, zipakwe grisi maalumu ya breki, si ile ya beringi. Ukikuta bolti imelegea, gari lisitoke hapo mpaka ikazwe.

Ikiendelea kugonga hata ukiwa umeshika breki, mtazame linki ya stablaiza, kisha bushi (zile raba za kwenye maungio) na boljointi, vyote viungo vya chini ya gari huko mbele.

Na buti umelikagua? Mimi nilihangaika wiki mbili, kumbe ni spana ya magurudumu ilikuwa inagongagonga humo.