Njia panda haifundishi gitaa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga solo kwenye bendi ndogo hapa Morogoro. Najifunza Cross Road Blues, wimbo wa Robert Johnson, mpiga blues wa Mississippi, Marekani, lakini nikiifuatisha rekodi yake ya 1936 kodi zangu (chords) hazikubali kabisa. Nikifuata ya bendi ya Cream zinakubali. Mwenzangu mmoja anasema rekodi ya Johnson iliharakishwa, niipunguze kasi kwa asilimia 20. Mwingine anasema nisijisumbue, jamaa aliuza roho kwa shetani njia panda ili ajue gitaa, na yeye anamjua mtaalamu anayesafisha nyota za wanamuziki. Nityuni vipi gitaa langu?

JIBU: Marahaba. Tuanze na nyuzi. Umetyuni kawaida, E A D G B E, na Johnson hakutyuni hivyo. Alitumia mtindo ambao wapiga gitaa wa Mississippi waliuita wa Kihispania: D G D G B D, kuanzia uzi mnene. Legeza uzi wa sita, wa tano na wa kwanza, kila mmoja kwa freti mbili (vile vyuma vya shingoni), mingine iache ilivyo. Ukizipiga nyuzi zote bila kubonyeza popote utasikia kodi ya G. Rekodi yenyewe inasikika kwenye ufunguo ulio karibu na B, basi funga kapo, kile kibano cha nyuzi, freti ya nne. Kidole kidogo kivishe shingo ya chupa au kipande cha bomba la chuma, na ukiteleza usimame juu kabisa ya chuma cha freti. Ukisimama nyuma yake kama unavyozoea kubonyeza, sauti itakuwa chini kila mara, nawe utalaumu gitaa.

Halafu acha kuhesabu baa 12, yaani mafungu 12 ya mapigo manne manne kwa kila beti. Cream wanahesabu 12, Johnson hahesabu. Beti zake zinafika baa 14 au 15, na zile kodi mbili ambazo wewe unazisubiri, zile za noti ya nne na ya tano ya ufunguo, hazipigi kamili. Anazigusia tu na kuondoka. Alikuwa peke yake na gitaa kavu, hana mpiga dramu wa kumsubiri wala besi ya kugongana nayo. Akitaka kuongeza pigo mbili kabla hajaimba mstari unaofuata, anaziongeza.

Kwa nini ya Cream inakubali? Kwa sababu mpiga gitaa wao, Eric Clapton, aliujenga wimbo upya. Ile rekodi maarufu ya jukwaani, ya Winterland, San Francisco, tarehe 10 Machi 1968, iko kwenye A, nyuzi za kawaida, baa 12 zilizonyooka ili Jack Bruce wa besi na Ginger Baker wa dramu wapate pa kukimbilia. Beti inayotaja mji wa Rosedale haimo kabisa kwenye wimbo huu wa Johnson. Clapton aliichomoa kwenye wimbo mwingine wa Johnson, Traveling Riverside Blues, akaichomeka hapa. Miaka miwili kabla alikuwa amekwisha kuurekodi na kikundi cha Powerhouse, Steve Winwood akiimba. Na kabla ya hao wote, mwaka 1954, Elmore James alikuwa ameshaugeuza kwa gitaa la umeme akauita Standing at the Crossroads. Yote haya ni matoleo halali na mengine nayapenda sana. Ila usichukue toleo la 1968 ukasahihishia rekodi ya 1936.

Hiyo asilimia 20 nayo ina chanzo. Ukiipunguza kasi rekodi kwa kiasi hicho, sauti inashuka karibu nusu-toni nne, yaani freti nne, na B inakuwa G, yaani mtyuniko uleule bila kapo. Ndiyo maana mtu akijaribu anaruka kwa furaha kwamba amegundua siri. Amegundua kapo. Kwenye ile picha ya Johnson mwenye sigara mdomoni kapo inaonekana shingoni mwa gitaa (Posta ya Marekani ilipotoa stempu yake mwaka 1994 ilifuta sigara). Tena Johnson alirekodi San Antonio Novemba 1936 na Dallas Juni 1937, miji miwili, miezi saba katikati. Unataka kuniambia mitambo ilikosea kwa kipimo kilekile mara zote?

Sasa hilo la roho. Nalipata kila mara, kutoka kwa vijana wenye vipaji kabisa, na ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa sababu anayeliamini huwa ameshaacha mazoezi.

Sikiliza maneno ya wimbo. Mtu yuko njia panda, anapiga magoti, anamwomba Mungu amhurumie. Anajaribu kusimamisha gari, hakuna anayemjua, kila mtu anampita. Jua linazama. Anaomba rafiki yake Willie Brown apelekewe habari. Shetani hayumo hata kwa jina. Kilichomo ni mtu mweusi aliye peke yake barabarani Mississippi ya miaka ile giza linaingia, na hofu hiyo haikuhitaji mizimu. Ni kweli Johnson ana nyimbo nyingine mbili zinazotaja shetani na mbwa wa jehanamu, za mwaka 1937. Waimbaji wengi wa enzi yake walimtaja shetani, hata wale waliokuwa wahubiri.

Kisa cha njia panda kilisimuliwa kuhusu mpiga gitaa mwingine, Tommy Johnson, na msimuliaji alikuwa LeDell, ndugu yake. Tommy na Robert hawakuwa na undugu wowote. Majina yakafanana, kisa kikahama.

Alichofanya Robert kinajulikana. Son House, mpiga blues aliyemtangulia, alisimulia kwamba kijana huyu alikuwa akidaka gitaa wakubwa wakipumzika, na anapiga vibaya hadi watu wanalalamika. Akaondoka, akaenda upande wa Hazlehurst alikozaliwa, akakaa na mwalimu anayeitwa Ike Zimmerman. Walifanya mazoezi usiku makaburini, maana huko hawamsumbui mtu. Hapo ndipo wapenda visa wanaposhtuka, lakini anayeishi nyumba ya kupanga na ana gitaa atawaelewa. Pia alisikiliza santuri za wengine, Leroy Carr na Kokomo Arnold, akazichambua na kuchukua alichotaka. Kumbe naye alikuwa mpiga kopi kama wewe na bendi yako.

Na kama kweli kulikuwa na mkataba, aliibiwa. Santuri yake iliyouza kwa kiasi chake ni Terraplane Blues, si hii. Alifariki tarehe 16 Agosti 1938 karibu na Greenwood, ana miaka 27. Mtayarishaji wa muziki John Hammond alipomtafuta apige ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwezi Desemba, akaambiwa alishakufa.

Hawa wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme, nyota ya usanii, pete ya bahati, mafuta ya mvuto, wanajua sisi tunaogopa njia panda tangu utotoni, tumekatazwa kuokota vitu vilivyoachwa pale. Wanachukua kisa cha Mississippi ambacho hata huko hakikutokea, wanakiuzia hofu yetu. Wateja wao siku hizi ni wanamuziki, waigizaji, wachezaji mpira, na kila mtu aliyeona mwenzake akipanda haraka. Nimeona kijana akiuza gitaa ili alipie kusafishwa nyota. Baada ya hapo angeng'ara na nini?

Huyo mtaalamu wako akikuita, nenda na gitaa ulilokwisha kulityuni D G D G B D, kapo freti ya nne. Mpe hiyo shingo ya chupa, akupigie beti moja ya Cross Road Blues, ndipo mzungumze bei.