Starlet Isiyoona Mlima Nyoka, na Maswali Mengine ya Taa

Ukungu umerudi Isyonje, huku Mbeya, na maswali ya taa za magari yamerudi nao. Nimechagua sita. Matatu nayajibu kwa kirefu, yaliyobaki nayapitia haraka.

Shikamoo fundi. Nina Starlet ya 1997. Taa za mbele zimefifia kama kibatari. Nimebadilisha balbu mara mbili, hali ni ileile. Nikipanda Mlima Nyoka usiku naendesha kwa kukisia. Je, niweke balbu za wati 100? (Mwalimu, Igurusi)

Marahaba, mwalimu. Usiweke. Balbu ya kawaida ya gari lako, H4, ni wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu. Ukiweka ya 100, waya uleule mwembamba wa tangu 1997 unabebeshwa mzigo unaokaribia mara mbili, na cha kwanza kuyeyuka ni soketi. Nimezitoa nyingi: plastiki imegeuka kahawia, pini moja imezama ndani kama jino bovu.

Kama balbu mpya mbili hazikusaidia, basi umeme unapotea njiani kabla ya kuzifikia. Balbu ya halojeni, yaani ya uzi kama hiyo H4 yako, haivumilii upungufu. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo azima mita ya kupimia volti. Washa injini, washa dimu, pima kwenye vichwa vya betri. Inatakiwa isome kama 13.8 hadi 14.5. Ikisoma chini ya 13, achana na taa kwanza, kaangalie altaneta, ile inayochaji betri, na mkanda wake. Ikiwa sawa, ingiza ncha za mita nyuma ya soketi wakati balbu ikiwa inawaka, upime tena. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unaliwa.

Mimi huanza na bolti ya ethi, ile inayofunga waya kwenye bodi karibu na betri. Ukiifungua unakuta unga wa kijani umejaa chini yake. Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kwa juu. Kisha soketi, kisha swichi ya usukani. Na mtahadharishe fundi wako: kwenye Toyota nyingi za zamani chanya inakuja moja kwa moja kwenye balbu, swichi inakata upande wa hasi. Asiyejua hilo atachezea waya siku nzima na akupe bili. Kama kweli unataka mwanga zaidi, funga rilei mbili (swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme) na waya mnene kutoka kwenye betri, kila mmoja na fyuzi yake, na balbu zibaki zilezile za 55/60.

Kamwene fundi. Vioo vya taa za Vitz yangu vimekuwa vya njano. Jirani anasema nisugue na dawa ya meno. Ni kweli? (Dada wa Kihesa, Iringa)

Kamwene, dada. Jirani hakudanganyi, ila hajamaliza. Hicho si kioo, ni plastiki, na kiwandani ilipakwa utando wa kuikinga na jua. Utando ukishakwisha, jua letu la nyanda za juu linaichoma. Dawa ya meno inang'arisha kwa wiki chache tu. Ukitaka kazi ya kudumu, zungushia selotepu kwenye rangi ya gari, sugua kwa msasa wa maji namba 800, halafu 1500, halafu 2000, huku ukimwagia maji. Hapo katikati taa itaonekana mbaya kuliko mwanzo, usishtuke. Malizia kwa polishi, kisha paka klia, ile rangi angavu ya juu, yenye kinga ya jua. Ukiruka hiyo klia, njano itarudi kabla mwaka haujaisha.

Fundi, nimefunga LED nyeupe sana kwenye Corolla. Sasa kila ninayepishana naye ananiwashia fulu, na kwenye ukungu wa Isongole naona ukuta mweupe tu. (Tukuyu)

Wanaokuwashia wana haki. Rifleta ya taa yako, ile bakuli inayong'aa ndani, ilichongwa kufuata mahali ulipo uzi wa halojeni. Chipu za LED zisipokaa palepale, mwanga unatawanyika, nusu unaingia machoni mwa dereva wa lori anayeshuka. Kwenye ukungu ndiyo balaa, kwa sababu matone ya maji yanaurudisha mwanga kwako. Rudisha halojeni. Penye ukungu tumia dimu, na taa za chini za ukungu kama zipo, fulu hapana. Unapofunga balbu, usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaipasua ikipata moto. Ndaga fijo kwa kuuliza kabla hujamgonga mtu.

Fyuzi ya taa ya kushoto inaungua kila wiki. Rafiki kanishauri niweke ya ampea 30 badala ya 15. (Makambako)

Rafiki huyo asiguse gari lako tena. Balbu moja ya wati 55 inavuta kama ampea 5, kwa hiyo 15 inatosha na inabaki. Inaungua kwa sababu kuna waya umechubuka unagusa bodi. Angalia nyuma ya taa na unapopita kwenye bati. Niliwahi kupokea gari lenye karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Waya zote za dashibodi zilikuwa zimegandana kama kashata.

Kila asubuhi taa yangu ina ukungu kwa ndani. (Njombe)

Kwa baridi ya Njombe, ukungu mwepesi unaokauka taa zikiwaka si ugonjwa. Maji yakituama chini, angalia mpira wa nyuma ya balbu umekaa vizuri, na tundu la kupumulia halijazibwa na tope. Msizibe kila kitu kwa silikoni. Taa lazima ipumue.

Indiketa ya kulia inapepesa haraka kuliko ya kushoto. (Mafinga)

Balbu moja ya kulia imekufa. Washa, shuka, zunguka gari. Usisahau ile ndogo ya ubavuni.