Kabla hujasasisha Flask ya mteja

Wadogo zangu mnaoanza kuwaandikia watu mifumo midogo hapa Mbeya na jirani zetu Songwe, stoo ya viazi Uyole au chama cha ushirika cha kahawa Mbozi, wengi wenu mnatumia Flask, kiunzi cha Python cha kujengea mifumo ya wavuti, na kwa kazi za ukubwa huo mmechagua vizuri. Kazi inakuja siku ya kuisasisha. Nawaomba msiikimbie siku hiyo, kwa sababu kadiri toleo linavyozeeka ndivyo kulipandisha kunavyozidi kuwa kugumu.

Jambo la kwanza, Flask ni ndogo kwa sababu kazi nyingi imewaachia wengine. Werkzeug inapokea maombi ya kivinjari, Jinja inatengeneza kurasa, Click inaendesha amri. Ukigusa mmoja umegusa ukoo mzima. Septemba 30, 2023 zilitoka Flask 3.0 na Werkzeug 3.0 kwa pamoja. Aliyekuwa ameandika Flask 2.2 peke yake kwenye requirements.txt, faili la orodha ya vifurushi vya kusakinisha, akaweka mfumo upya kwenye seva, alishushiwa Werkzeug mpya, maana Flask 2.2 haikuiwekea kikomo cha juu. Mfumo ukagoma kuwaka, ukidai kwamba url_quote haipo ndani ya werkzeug.urls, na mwenyewe hakubadilisha hata mstari mmoja. Kwa hiyo, mfumo ukiwa bado mzima, endesha pip freeze, amri inayoorodhesha vifurushi vilivyosakinishwa, na uhifadhi matoleo ya kila kifurushi, hata vile ambavyo hujawahi kuviita kwa jina.

Pili, panda ngazi kwa ngazi: 2.2, kisha 2.3, ndipo 3. Flask ina utaratibu wa kuonya kwanza na kuondoa baadaye. before_first_request (ya kuendesha kitu kabla ya ombi la kwanza) na FLASK_ENV (ya kuchagua mazingira ya kazi) zilionywa kwenye 2.2, zikaondolewa 2.3. Anayeruka moja kwa moja hukosa maonyo, akakutana na makosa matupu. Python nayo huficha mengi ya maonyo hayo, basi washa programu kwa python -W default, au endesha majaribio kwa pytest, ambayo huyaorodhesha mwishoni. Kama huna majaribio, andika hata machache tu: kuingia, kusajili mzigo, kutoa ripoti.

Sasa hili la tatu ndilo linalonifanya niandike. Flask haina hifadhidata yake, kwa hiyo wengi mnaongeza Flask-SQLAlchemy, kifurushi cha kuiunganisha Flask na hifadhidata, mkitumia SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja. Hadi toleo la 2 la Flask-SQLAlchemy, anwani kama sqlite:///mizani.db ilitafutwa ndani ya folda ya programu. Kuanzia 3.0 inatafutwa ndani ya folda iitwayo instance. Faili lisipokuwemo, SQLite inaunda jipya, tupu. Na kama umeweka db.create_all(), inayounda majedwali yasiyokuwepo, mwanzoni, hakuna kosa lolote litakalotokea: mfumo unawaka vizuri, kurasa zinafunguka, na mwenye stoo anaona magunia sifuri. Data yake iko salama palepale pa zamani, ila yeye hajui, na akianza kusajili mizigo mipya utabaki na hifadhidata mbili za kuunganisha kwa mkono. Nakili faili la hifadhidata kabla ya yote, lihamishie instance au andika anwani kamili, kisha hesabu rekodi kabla na baada. Mtu amekukabidhi hesabu za jasho lake, mheshimu kwa hilo. Na usisasishe msimu wa kupokea mzigo.

Mwisho, kwa wateja wenye mtandao wa kusuasua: shusha kila kitu ukiwa mjini kwa pip download -r requirements.txt -d vifurushi, nenda na flashi, kule usakinishe kwa pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt. Hakikisha tu kompyuta uliyoshushia ina mfumo endeshi na toleo la Python sawa na ya mteja. MarkupSafe, kwa mfano, kifurushi kinachotumiwa na Jinja, ina sehemu iliyoandikwa kwa C, na iliyoshushwa kwa Linux haitakubali kwenye Windows.